Tochi Inayofika Ng'ambo

9 Machi

Kaka yangu Nyundo,

Barua hii ikukute ukiwa mzima wa mwili na wa roho. Sisi huku tunasukuma siku. Paa la jikoni limezibwa upande mmoja. Upande wa pili bado unatuonyesha mawingu. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu, na anauliza kama miguu yako bado inakua, maana anataka kujua kama aweke ngozi akiba. Mimi bado nimo katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka hayaishi, na dawa ya kuyang'arisha imenichubua mikono mpaka naona haya kumpa mtu mkono.

Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu ninakujua. Kwenye simu, ukiulizwa jambo zito, mtandao wako huharibika. Karatasi haina mtandao.

Jambo lenyewe ni Mama. Sasa anatoka kila jioni, giza linapoanza kuingia. Anakwenda kwenye kibanda chake cha zamani pale reli ilipokatiza barabara, kana kwamba bado ni mlinzi wa geti. Reli ziling'olewa zamani, geti liliuzwa chuma chakavu, na ule uwanja tuliochezea mpira mbele ya kibanda si uwanja tena. Watu wa kokoto wameuchimba. Sasa ni shimo ambalo mtu akisimama chini yake humtambui ni nani, na hakuna aliyelizungushia hata kamba. Kichwani mwa Mama shimo hilo halipo. Yeye anaona uwanja. Anasema treni ya Nyundo imekaribia na hakuna mtu getini.

Nimejaribu kufunga mlango. Alipiga kelele mpaka majirani wakadhani ninampiga. Mshonaji wa nyumba ya pili anamwangalia mchana, lakini jioni ana watoto wake. Mimi natoka kazini moja kwa moja kwenda kumtafuta, nikiwa bado nimevaa aproni.

Ninachoomba ni tochi. Hii niliyo nayo inakula betri kama mgonjwa anavyokula vidonge, na huzimika pale pale ninapoihitaji. Wewe ni mlinzi wa ghala, tochi ndizo kalamu zako. Nitafutie ya kuchaji, ndogo, iingie katika mfuko wa aproni pamoja na funguo, nitembee nayo kila siku bila kuikumbuka. Na mwanga wake uwe mpana, niione njia miguuni na pembeni, maana kule kumejaa mawe na mitaro.

Jambo moja litakufurahisha. Unakumbuka alivyokuwa akituita tulipokuwa wadogo? Taa ikitulia mkononi mwake, njoo. Akiipunga kushoto na kulia, simama hapo hapo ulipo. Kila kitu kimemtoka, kaka, hata jina langu, lakini hilo limebaki. Nikimpungia tochi, anaganda kama mlingoti. Nikiituliza, anakuja kwangu polepole, akiutazama mwanga tu.

Sikuulizi utakuja lini. Nimechoka kuuliza.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeipokea barua yako na nimefurahi kusikia kwamba bado mnapumua. Mimi sijambo. Chumba chetu cha walinzi wamekipaka rangi, kwa hiyo sasa tunaumwa vichwa kwa zamu. Mwambie fundi viatu kwamba miguu imeacha kukua, sasa linakua tumbo, na tumbo halivai viatu.

Kuhusu tochi, umefika mahali penyewe. Kwanza, hilo la mwanga mpana liondoe kichwani. Watu wengi hudanganyika dukani: wanamulika sakafu, wanaona kweupe pe, wanalipa. Wakifika nje, mwanga unaishia kwenye vidole vya miguu. Wewe unatafuta mtu aliye mbali. Tochi isiyofika mbali ni mshumaa wenye kitufe. Unataka yenye kioo kirefu ndani ya kichwa chake, inayokusanya mwanga na kuurusha kama jiwe. Siku hizi zipo ndogo, urefu wa kidole cha kati, na zinafika mbali kuliko yale marungu tuliyokuwa tukibeba zamani.

Pili, kitufe. Kiwe kigumu kidogo. Mwenzangu mmoja alinunua yenye kitufe laini. Ikawaka yenyewe mfukoni alipokuwa ameketi anakula, ikamuunguza paja. Mpaka leo tunamwita Mchomo. Tatu, iwe na klipu ya kubana kwenye mfuko. Nne, ichajiwe kwa waya kama wa simu, usije ukahangaika kutafuta waya wa peke yake. Tano, usitazame maneno ya kwenye boksi. Boksi halijawahi kusema uongo mdogo.

Nimeazima aina tatu kwa wenzangu na kuzijaribu mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma, kutoka lango kuu mpaka kwenye tangi la maji. Moja ilifika na kuonyesha hata kutu ya tangi. Ngoja nijue inapopatikana.

Kuhusu kuja, tutaona.

Msalimie Mama.

Kaka yako.


21 Aprili

Kaka,

Salamu nyingi. Mvua zimeanza, na ule upande wa paa uliokuwa ukituonyesha mawingu sasa unatuonyesha kilichomo ndani yake. Mshonaji amepata mtoto mwingine, wa kike, mwenye sauti ya mnadi. Kazini wametuletea mashine mpya ya kukaushia, na msimamizi ameifungia chumba ili isichakae. Sisi tunakausha kwa jua ambalo halipo.

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Mama. Uliandika ukurasa mzima juu ya tochi na maneno mawili juu ya kuja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu bwana anajua kazi yake. Ni nani?"

Nikamwambia, "Ni Nyundo, Mama. Mwanao."

Akacheka, akanishika shavu. "Nyundo ni wewe."

Ndiyo hali ilivyo. Mimi ndiye Nyundo sasa. Ananiuliza safari ilikuwaje, ananivua viatu, ananisugua miguu kwa sababu eti nimetoka mbali. Kisha jioni ikifika anatoka kwenda kukungojea wewe, huku mimi Nyundo nimekaa mbele yake. Usiniulize anavyoyapanga hayo.

Juu ya mwanga mwembamba bado sikubaliani nawe. Kwenu kuna ukuta. Huku kuna shimo. Nataka kuona kilichopo kati yangu na yeye, si yeye peke yake. Lakini wewe ndiwe fundi, na anayeomba hachagui sana. Ukiipata, mpe Breki, dereva wa lori anayeleta sabuni hospitalini. Anapita kwenu kila mwezi na hana tabia ya kufungua mizigo ya watu.

Njoo, kaka. Nimesema sitauliza, na sikuulizi. Ninakwambia.

Mdogo wako.


16 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini paa limepona. Huku ni vumbi tupu. Mchomo amehamishiwa lango la nyuma kwa kosa la kusinzia, na mimi nimepewa zamu yake juu ya yangu. Kwa hiyo likizo nimeomba, lakini usiiwekee chungu motoni.

Breki anakuletea tochi. Ndiyo ile iliyoonyesha kutu ya tangi. Ni ndogo, utadhani ni kibati cha mafuta ya kujipaka midomo kilichorefuka, lakini usiiangalie kwa dharau na wala usiiangalie machoni ikiwa imewaka. Ichaji kila siku ukifika nyumbani, hata kama haijaisha. Taa ndogo ya pembeni ikiwa nyekundu inakula. Ikiwa ya kijani imeshiba. Kitufe ukikibonyeza kidogo inaonja tu, ukikibonyeza mpaka kilie inawaka kabisa.

Mwanga ni mwembamba. Najua utanung'unika. Utanishukuru.

Breki ameniambia kwamba alipoleta sabuni alipita nyumbani, na Mama alimuuliza yeye ni nani, akamjibu, akamuuliza tena, na tena, na kila mara alimsalimu upya kama mgeni. Breki alikuwa anacheka alipokuwa akinisimulia. Mimi nilicheka pia. Kisha nilikwenda kuzunguka ukuta ingawa haikuwa saa yangu.

Sijui kama ningeweza kusimama mlangoni nikaulizwa hivyo.

Achana na hayo. Nijulishe tochi ikifika.

Kaka yako.


4 Juni

Kaka yangu,

Imefika! Pokea shukrani zangu, za fundi viatu, na za mshonaji, ambaye ameiomba azalie nayo mtoto ajaye. Inakaa katika mfuko wa aproni kama vile mfuko ulishonewa yenyewe. Kazini nimemulika nayo dari la chumba cha kufulia, tukamwona popo ambaye inaonekana analipwa mshahara mkubwa kuliko sisi.

Nafuta niliyosema. Jioni ya kwanza nilisimama ukingoni mwa shimo upande wa hospitali, nikamulika ng'ambo, nikaona mlango wa kibanda cha Mama, nikaona Mama mwenyewe ameketi kizingitini, nikaona hata kitambaa cha kichwani mwake kimeteleza. Nilikaa chini nikalia, kaka. Zamani ilinibidi nizunguke shimo lote gizani huku nikiita, bila kujua kama nitamkuta juu au chini.

Sasa nina utaratibu. Nikitoka kazini nasimama hapo hapo ukingoni. Namtafuta kwa mwanga mpaka nimpate. Nikimpata napunga ili asimame, kisha nazunguka kwa njia ya malori kwenda kumchukua. Ninapofika, nakuta bado amesimama pale pale kama askari. Namwambia, "Treni imechelewa, Mama, twende tukale." Ananijibu, "Basi andika ripoti."

Kasoro ni moja tu. Mwanga ni mwembamba mno, kwa hiyo nikiipunga nampoteza machoni. Napunga gizani nisimwone, na nikituliza inabidi nimtafute upya. Jana nilipomkuta tena alikuwa amesogea. Si sana, lakini alikuwa amesogea. Macho yake nayo hayaoni mbali kama zamani. Nadhani mara nyingine anauona mwanga unapotulia tu, unapopita haraka hauoni.

Amekonda. Miguu imevimba. Anakutaja kabla ya kulala na baada ya kuamka. Nafasi ya kuja ni sasa.

Mdogo wako.


27 Juni

Mdogo wangu,

Nina haraka, Breki ananipigia honi. Nimefurahi kupita kiasi. Nimewasomea wenzangu barua yako, wakasema mimi ndiye niliyestahili kuwa msimamizi.

Kuhusu hiyo kasoro, kosa ni lako, si la tochi. Kwa nini unaipunga? Tochi ya aina hii haipungwi. Sisi tunafundishwa hivi: ukimwona mtu ukutani, mshike kwa mwanga na usimwachie. Mkono wa pili uushike wa kwanza ili usitetemeke. Ukimwachia mara moja tu umempoteza. Fanya hivyo na Mama. Mshike, usimwachie, utakuwa unajua alipo kila dakika.

Likizo wamesema mwisho wa mwaka. Labda.

Kaka yako.


12 Julai

Kaka,

Nimepiga simu kazini kwenu tangu juzi. Mtu aliyepokea alisema walinzi hawaitwi kwenye simu wakiwa zamu, kisha akasema atakuachia ujumbe. Sijui kama alikuachia. Kwa hiyo ninaandika, na Breki ameahidi hatalala njiani.

Mama ametutoka. Aliangukia shimoni jioni ya tarehe tisa. Hakuteseka muda mrefu; hivyo ndivyo alivyoniambia daktari, na mimi nimeamua kumwamini. Watu wa mashine za kokoto walisaidia kumpandisha. Fundi viatu alimvalisha viatu alivyomtengenezea mwenyewe usiku ule, kwa sababu kimoja cha vile alivyokuwa amevaa hatukukiona.

Tumemzika jana. Tulikungoja mpaka jua lilipokuwa kali, kisha wazee wakasema haifai tena kungoja.

Wameleta kamba sasa. Wamelizungushia shimo lote.

Utauliza juu ya tochi. Tochi haina kosa. Ilifanya kazi yake.

Mdogo wako.


30 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui barua ya namna hii inaanzwaje. Mama angenikemea kwa kukosa salamu. Hujambo? Mshonaji hajambo? Paa je?

Ujumbe ulinifikia siku ile ile. Sitakuficha. Msimamizi alinipa ruhusa kabla hata sijaomba, alisema, "Nenda ukazike, nafasi yako ipo." Nilifungasha. Nilikwenda mpaka stendi. Basi lilijaza watu, likaondoka, na mimi nilikuwa bado nimesimama nimeshika begi. Kichwani mwangu Mama alikuwa amekwisha kunikosea jina mara nyingi, na sasa hata wa kunikosea hayupo. Nilirudi nikaingia zamu. Wenzangu hawajaniuliza kitu.

Breki ameniambia ulikuwa upande wa hospitali. Mama upande wa kibanda, wewe upande wa hospitali, shimo katikati. Tangu aniambie nimekuwa nikiitoa barua yako ya kwanza kila siku. Niliisoma zamani nikitafuta maneno ya tochi tu. Yale ya mwisho, ya Mama kutuita kwa taa, niliyapita. Nilikuwa nimesahau kabisa, mdogo wangu. Mimi niliyekuwa nikiitwa kwa taa ile kila jioni nilisahau inasemaje. Kisha nikakuandikia upuuzi wa mlinzi wa ghala.

Ninaomba unijibu jambo moja. Usinipe habari za paa, usinipe za mshonaji. Jioni ile uliipunga au uliishika imetulia?

Nijibu hata kama jibu litaniua.

Kaka yako.


22 Septemba

Kaka yangu,

Nitakupa habari za paa hata kama huzitaki, kwa sababu Mama ndivyo alivyotufundisha, salamu kwanza. Paa limezibwa lote. Fundi viatu alipanda mwenyewe na umri wake ule. Mtoto wa mshonaji ameota jino. Kazini wameifungua ile mashine ya kukaushia, na siku ya kwanza ilichoma mashuka.

Sasa jibu.

Jioni ile kulikuwa na ukungu wa mvua. Nilichelewa kutoka. Nilifika ukingoni nikamulika, kibanda kilikuwa kitupu. Nilitafuta kushoto na kulia mpaka mkono ukaniuma. Nikamwona mbali na kibanda, anatembea sambamba na shimo, karibu sana. Nikapunga. Nikampoteza. Nilipomwona tena alikuwa bado anatembea, hakuuona upungaji. Nikapunga tena. Nikampoteza tena, na safari hii nilidhani ameshaanguka.

Nilipompata mara ya tatu, sikuthubutu tena. Niliushika mkono kwa mkono, kama ulivyoandika. Nilimshika kwa mwanga. Alisimama. Aligeuka akanitazama, kaka. Uso wake ulijaa mwanga wote, nilimwona anatabasamu. Nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Nimekupata, Mama."

Kisha akaanza kuja.

Mwanga ulikuwa mwembamba. Nilimwona yeye tu, uso na kifua. Ardhi iliyokuwa mbele ya miguu yake sikuiona, na yeye alikuwa anatembea uwanjani kwetu. Nilikumbuka maana ya taa iliyotulia alipokuwa ameshapiga hatua ya kwanza, na hapo ningeweza kuipunga. Muda ulikuwepo. Lakini nikiipunga ningempoteza machoni, na sikutaka kumpoteza machoni.

Wewe ulisahau. Mimi sikusahau. Mimi ndiye niliyekuandikia. Kwa hiyo usichukue mzigo wote, na sikupi wote. Uliniambia nimshike nisimwachie. Nilimshika. Sikumwachia mpaka mwanga ukabaki peke yake ng'ambo.

Alikuwa anaita "Nyundo" alipokuwa anakuja. Sijui alimwita yupi kati yetu.

Breki anakurudishia tochi. Nimeichaji, imeshiba, utaona taa ya kijani. Itakufaa ukutani.

Umesema nafasi yako ipo kazini. Hapa pia ipo. Kitanda chako hakijaguswa. Lakini ukija, njoo mchana, kukiwa kweupe. Sitaweka taa mlangoni.

Mdogo wako.